Data za hali ya kijamii na afya zisipooana: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Mwongozo huu ni kwa wale wanaokusanya, kuhifadhi au kujumlisha data kuhusu mambo ya kijamii yanayoathiri afya ya watu: makazi, chakula, maji, elimu, kipato, usafiri, usalama wa nyumbani, upweke na mengineyo ya aina hiyo. Mwaka 2008 tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot ilitoa ripoti yake juu ya mambo haya, na tangu wakati huo yamezidi kuingizwa katika mipango ya afya. Kilichobaki kuwa kigumu ni kuyaandika kwa namna moja, ili kilichoandikwa mahali pamoja kikisomwa mahali pengine kiwe bado na maana ileile.

Hitilafu zilizopangwa hapa ni zile zinazoripotiwa tena na tena. Chini ya kila dalili nimeanza na kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi, kisha kile cha nadra. Ukaguzi mwepesi unatangulia marekebisho mazito, na palipo na hatari nimesema wazi kwamba usimame umwite mtaalamu.

Kabla ya kugusa chochote

Chukua rekodi moja tu, ya mtu mmoja, uiangalie kama ilivyo ndani ya hifadhidata, si kama inavyoonekana kwenye ripoti. Jiulize kama rekodi hiyo inaweza kukujibu mambo haya: ni swali gani lililoulizwa na kwa maneno gani, jibu lilikuwa lipi, jibu linahusu kipindi gani, liliandikwa tarehe gani, aliyejibu ni mhusika mwenyewe au mtu mwingine kwa niaba yake, na kama kuna hitimisho, nani aliyelifikia.

Tazama rekodi mbili. Ya kwanza imeandikwa hivi: «UHABA_CHAKULA = 1». Ya pili inasema kwamba tarehe 2024-03-14 mama wa mtoto aliulizwa swali lenye msimbo 88122-7 katika LOINC (orodha ya kimataifa ya misimbo ya maswali na vipimo vya afya), yaani kama katika miezi 12 iliyopita waliwahi kuhofia kwamba chakula kingekwisha kabla ya kupata fedha za kununua kingine, akajibu «wakati mwingine ni kweli». Rekodi ya kwanza ni hitimisho lisilo na asili. Hakuna anayeweza kuilinganisha na nyingine, wala kuirekebisha, kwa sababu swali limekwisha kutupwa. Ya pili inaweza kusafiri, kutafsiriwa, kuhojiwa na hata kuhesabiwa upya miaka kumi baadaye. Sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa hapa chini yanatokana na mfumo kuhifadhi hitimisho na kulitupa swali.

Ni vizuri pia kukumbuka mgawanyo wa kazi baina ya viwango vilivyopo. LOINC inatambulisha swali na dodoso. SNOMED CT (kamusi ya kimataifa ya istilahi za afya) na ICD (uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani) zinatambulisha hali iliyobainika; katika ICD-10 hali za kijamii ziko kwenye kundi la Z55 hadi Z65. FHIR inaeleza namna rekodi inavyofungashwa ili isafiri kutoka mfumo hadi mfumo. Nchini Marekani, mradi uitwao Gravity Project, ulioanza mwaka 2019, umekuwa ukikubaliana mada kwa mada ni misimbo ipi itumike kwa swali, kwa tatizo, kwa lengo na kwa hatua inayochukuliwa. Hata usipofuata orodha zake, mgawanyo huo wa sehemu nne unafaa kuigwa, maana unazuia jibu la dodoso kuvaa sura ya utambuzi wa daktari.

Dalili: Ripoti inaonyesha uhitaji mdogo kupita kiasi, au haupo kabisa

Niliwahi kuombwa niangalie ripoti ya kituo kimoja iliyosema kwamba katika miezi kadhaa hapakuwa na hata mtu mmoja asiye na makazi aliyehudumiwa. Wauguzi wa kituo hicho walikuwa wakiwafahamu watu hao kwa nyuso na kwa majina. Tulipofungua fomu yenyewe kwenye kompyuta ya mapokezi tuliona kwamba jibu la «Hapana» lilikuwa limekwisha kuchaguliwa kabla karani hajagusa kitu. Karani mwenye foleni mbele yake alibonyeza «Hifadhi», na mfumo ukaandika kwamba mtu aliyelala nje usiku uliopita ana mahali pa kuishi. Hakuna aliyedanganya, ila rekodi ilikuwa ya uongo, na kwa msingi wa rekodi hiyo hakuna huduma iliyopangwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo anza hapo. Fungua fomu mpya tupu uone kama kuna jibu lolote lililojazwa tayari. Likiwepo, liondolewe siku hiyohiyo.

Kisababishi kinachofuata kwa wingi ni nafasi tupu kuhesabiwa kuwa «hapana» wakati wa kutengeneza ripoti. Hesabu nafasi tupu peke yake. Zikiwa nyingi kuliko majibu, tatizo umeliona. Utupu una maana nyingi: huenda mtu hakuulizwa, huenda aliulizwa akakataa kujibu, huenda alijibu kwamba hajui, huenda swali halimhusu kabisa, au huenda jibu lipo lakini limefichwa kwa sababu za faragha. FHIR ina orodha maalumu ya sababu za kukosekana kwa thamani inayotenganisha hali hizi zote, nami naona hakuna marekebisho mengine yanayoleta nafuu kubwa kwa kazi ndogo namna hii.

Tatu, angalia kigawanyo. Tuseme watu 1,000 walihudhuria, 240 kati yao wakaulizwa, na 60 wakajibu ndiyo. Ukigawanya kwa waliohudhuria utapata asilimia 6, na ukigawanya kwa walioulizwa utapata asilimia 25. Tofauti hiyo inatosha kufunga mpango au kuufungua. Hata hivyo asilimia 25 nayo isitangazwe kama hali ya wote 1,000, kwani mara nyingi wanaoulizwa ni wale ambao mhudumu amekwisha kuwashuku. Ripoti iandike namba zote tatu.

Nne, na hili linatuhusu hasa sisi tunaouliza kwa Kiswahili, kagua maswali yaliyoundwa kwa ukanushi. Ukimwuliza mtu «Je, hamkuwahi kukosa chakula mwezi huu?» naye akajibu «Ndiyo», amekubaliana nawe kwamba hawakukosa. Programu iliyotengenezwa na mtu anayefikiri kwa lugha nyingine itaandika «ndiyo» kama ushahidi wa njaa. Mwingine atajibu «Hapana, hatukukosa», na wa tatu «Hapana, tulikosa». Majibu ya swali kama hilo hayawezi kuokolewa. Andika swali upya kwa kauli yakinishi, na majibu ya zamani yatengwe yakiwa na alama inayoeleza sababu.

Kisababishi cha mwisho hakimo ndani ya kompyuta. Mtu anayeulizwa kuhusu njaa au kipigo huku watu wengine wakimsikia atasema hakuna tatizo. Kaa kwenye chumba cha mapokezi kwa nusu saa usikilize ni nini kinachosikika kutoka dirishani.

Simama hapa: usijaze nyuma rekodi za zamani kwa kubadilisha «hapana» kuwa «hakuulizwa» kwa amri moja ya hifadhidata. Rekodi ya afya ni hati yenye uzito wa kisheria, na baadhi ya «hapana» hizo ni za kweli. Kwanza mtakwimu aeleze ni kipindi gani kimeathirika na kwa kiasi gani, kisha msimamizi wa kumbukumbu za afya aidhinishe namna ya kuweka alama bila kufuta kilichokuwapo.

Dalili: Vituo viwili vinavyohudumia watu wa hali moja vinatoa viwango vilivyoachana mno

Kisababishi kikuu ni kwamba madodoso hayafanani, ijapokuwa safu kwenye ripoti zina jina moja. Chakula ni mfano mzuri. Kipimo cha FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) kiitwacho FIES kina maswali 8 ya ndiyo au hapana, na kwa kawaida yanahusu miezi 12 iliyopita. Kipimo kingine, HFIAS, kina maswali 9, nacho kinatazama wiki nne tu. Cha tatu, Hunger Vital Sign, kina maswali 2 ya miezi 12, na mtu huhesabiwa kuwa katika hatari akijibu «mara nyingi ni kweli» au «wakati mwingine ni kweli» kwa swali lolote kati ya hayo mawili. Kila kimoja kati ya vipimo hivi ni kizuri kwa kazi yake. Kosa ni kuvimimina vyote katika safu moja iitwayo «uhaba wa chakula», kisha kushangaa kwamba kituo kinachouliza juu ya mwaka mzima kimepata watu wengi kuliko kinachouliza juu ya mwezi mmoja.

Ukaguzi mwepesi: omba fomu halisi za vituo vyote viwili, uziweke kando kwa kando, usome kila neno. Tafuta kipindi kinachotajwa, tafuta kama swali linamhusu mtu mmoja au kaya nzima, na tafuta majibu yanayoruhusiwa. Usikubali kupewa maelezo ya mdomo kwamba «tunauliza mambo yaleyale».

Kisababishi cha pili ni mpaka wa uamuzi. Maswali mafupi ya Kundi la Washington (kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa) ni 6, na kila moja lina ngazi nne za majibu, kuanzia kutokuwa na ugumu wowote hadi kutoweza kabisa. Kwa kulinganisha takwimu, mpaka unaopendekezwa ni mtu kuwa na «ugumu mkubwa» au kutoweza kabisa katika angalau moja kati ya maswali hayo 6. Kituo kinachowahesabu pia wenye «ugumu kiasi» kitapata idadi kubwa sana, maana humo wataingia hata wanaohitaji miwani mipya tu. Tiba yake ni kuhifadhi ngazi zote nne kama zilivyojibiwa, na kuuacha mpaka uwekwe wakati wa uchambuzi.

Hali ni hiyohiyo kwa maji. Katika ufuatiliaji wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, chanzo kilichoboreshwa (kama bomba au kisima kilichokingwa) huhesabiwa kuwa huduma ya msingi ikiwa kuchota maji hakuzidi dakika 30 kwa kwenda, kupanga foleni na kurudi. Mhojaji anayeuliza «Ni mwendo wa dakika ngapi hadi kwenye maji?» amepata safari ya upande mmoja bila foleni. Mtu akijibu dakika 20 atawekwa upande wa salama, ilhali safari yake yote ni zaidi ya dakika 40. Hapa hakuna msimbo utakaosaidia, kwa kuwa kosa liko kwenye sentensi ya swali.

Kisababishi cha tatu ni tafsiri. «Kaya», «familia» na «nyumba» si neno moja. Anayeulizwa kuhusu familia yake anaweza kuwahesabu watoto wanaoishi mbali, na anayeulizwa kuhusu nyumba anaweza kuwahesabu wapangaji wa chumba cha pili. Vilevile mtu anayelala sebuleni kwa jamaa yake kwa mwezi wa tatu sasa, akiulizwa kama ana mahali pa kulala, atasema anapo, na atakuwa amesema kweli. Tafsiri ya dodoso inatakiwa ifanywe na watu wawili mbalimbali, irudishwe katika lugha ya awali na mtu wa tatu asiyeliona dodoso la kwanza, kisha ijaribiwe kwa mahojiano na watu wachache wanaoeleza kwa maneno yao walivyolielewa swali. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa sana, nami ningeiokoa kwanza kama muda ungekuwa mfupi.

Simama hapa: usibuni kanuni ya kubadilisha alama za dodoso moja ziwe za jingine. FIES, kwa mfano, hulinganishwa baina ya nchi kwa mbinu maalumu ya kitakwimu inayopima uzito wa kila swali, si kwa kuhesabu «ndiyo» pekee. Mwite mtakwimu mwenye uzoefu wa vipimo vya dodoso, au uripoti kila dodoso peke yake kwa jina lake.

Dalili: Majibu yanapotea au kubadilika yakihamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine

Kabla ya kulaumu mtandao, uliza kama data zilipitia kwenye lahajedwali. Kitambulisho cha SNOMED CT kinaweza kuwa na tarakimu hadi 18, wakati Excel huhifadhi kwa usahihi tarakimu 15 tu za namba. Tarakimu zinazobaki hugeuzwa kuwa sifuri bila onyo, na msimbo unaotokea ama haupo kabisa ama una maana nyingine. Kwa hiyo ukiona safu ya misimbo mirefu ambayo yote inaishia kwa sifuri kadhaa, umempata mwizi. Rudi kwenye faili la asili, lifungue upya safu hiyo ikiwa imetangazwa kuwa maandishi, na usijaribu kukisia tarakimu zilizopotea. Kwa LOINC kuna kinga ndogo: tarakimu iliyo baada ya kistari ni ya uhakiki, na programu inaweza kuikokotoa ili kubaini msimbo ulioandikwa vibaya.

Kisha angalia misimbo ya kienyeji. Vituo vingi vilianza kwa kujitungia: 1 ni ndiyo, 2 ni hapana, 9 ni hajulikani. Kituo jirani kinatumia 0 na 1. Zikichanganywa, «ndiyo» ya huku inakutana na «ndiyo» ya kule, lakini «hapana» inabaki yatima. Tengeneza jedwali la ulinganishaji lenye msimbo wa kienyeji, maneno yake kamili, msimbo wa kimataifa, tarehe ya kuanza kutumika na jina la cheo cha aliyeidhinisha. Jedwali hilo lihifadhiwe pamoja na data, na msimbo wa kienyeji usifutwe hata baada ya kulinganishwa.

Kisababishi cha tatu ni matoleo. LOINC hutolewa mara mbili kwa mwaka, na toleo la kimataifa la SNOMED CT siku hizi hutolewa kila mwezi. Mfumo unaopokea ukiwa na orodha ya zamani, msimbo mpya unaweza kukataliwa kimyakimya. Tuma rekodi moja ya majaribio yenye msimbo mpya, kisha uitafute upande wa pili kwa macho yako. Ujumbe wa «imepokelewa» unathibitisha tu kwamba bahasha imefika.

Elimu na kazi zina taabu yake, ila tiba yake ni fupi: hifadhi jina la cheti au kazi kama lilivyotajwa, kisha ulilinganishe na ISCED 2011, uainishaji wa kimataifa wa elimu wenye ngazi 0 hadi 8, au na ISCO-08, uainishaji wa kimataifa wa kazi. Kipato kiandikwe pamoja na sarafu, kipindi na idadi ya watu wanaokitegemea; namba peke yake haina maana.

Simama hapa: pale ambapo kulinganisha msimbo kunakulazimu uamue maana, mfano kama «makazi yasiyo thabiti» ni sawa na «kukosa makazi» au la, hiyo si kazi ya fundi wa kompyuta pekee. Mwite mtaalamu wa istilahi za afya akae pamoja na mtu anayewahudumia wahusika.

Dalili: Kiwango kinapanda au kushuka ghafla ndani ya mwezi mmoja

Umaskini haubadiliki hivyo kwa mwezi mmoja pasipo sababu inayoonekana na kila mtu, kama mafuriko au kufungwa kwa kiwanda. Kwa hiyo mshuku mfumo kwanza. Linganisha tarehe ya mabadiliko na tarehe ya kubadilishwa kwa fomu, kuajiriwa kwa watumishi wapya, na kubadilishwa kwa toleo la misimbo.

Mfano wa wazi ni wa Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2021, katika ICD-10-CM ambayo ndiyo namna ya nchi hiyo ya ICD-10, msimbo Z59.0 wa kukosa makazi uligawanywa kuwa Z59.00, Z59.01 na Z59.02, kutegemea kama mtu amepata hifadhi ya muda au yuko nje kabisa. Ripoti yoyote iliyoandikwa kutafuta «Z59.0» kwa usahihi wa herufi iliona watu wasio na makazi wakitoweka siku hiyo. Siku hiyohiyo uliongezwa msimbo Z59.41 wa uhaba wa chakula, na yeyote aliyechora mstari wa mwaka mzima akaona njaa ikizaliwa Oktoba. Rekebisha kwa kutafuta msimbo pamoja na matawi yake yote, na kwa kuchora mstari wima kwenye grafu kila mahali toleo lilipobadilika, ili msomaji ajue ni wapi pande mbili hazilinganishwi.

Kupanda kwa ghafla kunaweza pia kutokana na kuandika hali badala ya tatizo. Mwongozo wa ICD-10-CM unaonya kwamba si kila anayeishi peke yake apewe Z60.2, kwa sababu msimbo huo ni wa matatizo yanayotokana na kuishi peke yake. Mtumishi mpya mwenye bidii anaweza kuzalisha mamia ya «wapweke» kwa wiki moja. Mfundishe bila kumvunja moyo. Bidii yake inahitajika.

Dalili: Mtu mmoja anaonekana ana makazi na hana makazi kwa wakati mmoja

Mara nyingi pande zote mbili ni za kweli, ila tarehe zimepotea. Makazi, chakula na kazi si kama kundi la damu; hubadilika. Kagua kama kila rekodi ina tarehe ya tukio, tofauti na tarehe ya kuingizwa kwenye kompyuta, zote zikiwa katika mpangilio wa mwaka-mwezi-siku wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe. Tarehe 03/04 inasomwa Aprili na mmoja na Machi na mwingine.

Kisha kagua kama matatizo yaliyokwisha yanafungwa. Mtu aliyepata nyumba miaka mitatu iliyopita hastahili kuendelea kuitwa asiye na makazi kila anapofungua mdomo mbele ya mhudumu mpya. Tatizo liwe na hali yake, linaendelea au limetatuliwa, na liwe na kiwango cha uthibitisho. Jibu la dodoso ni la mhojiwa. Lisigeuzwe moja kwa moja kuwa tatizo lililothibitishwa kabla mhudumu hajazungumza naye. FHIR inaruhusu tatizo liandikwe kuwa halijathibitishwa, na nafasi hiyo itumike.

Sababu ya nadra lakini yenye madhara ni watu wawili kuunganishwa katika faili moja, hasa walio na majina yanayofanana na tarehe ya kuzaliwa iliyokadiriwa kuwa 1 Januari. Simama hapa: kutenganisha mafaili kunagusa dawa, mzio na historia ya matibabu. Kazi hiyo ni ya msimamizi wa kumbukumbu za afya peke yake.

Dalili: Watu wote wa mtaa mmoja wana thamani ileile

Mtu fulani amejaza nafasi tupu kwa wastani wa eneo. Takwimu za eneo zina matumizi yake katika kupanga huduma, lakini hazimwelezi mtu mmoja mmoja: tajiri anaweza kuishi katika eneo maskini, na mwenye njaa katika eneo lenye neema. Zitenge katika safu yake yenyewe, iliyoandikwa wazi kuwa ni ya eneo, ikiwa na mwaka wa takwimu na ukubwa wa eneo.

Dalili: Rufaa zinatoka lakini hakuna ajuaye ziliishia wapi

Kwa kawaida mfumo unaandika «rufaa imetumwa» na kuishia hapo. Ongeza hali zinazofuata: imepokelewa, imekubaliwa, imekataliwa na kwa sababu gani, mhusika amefika, huduma imetolewa, uhitaji umekwisha au bado. Hizi mbili za mwisho zisiunganishwe. Mtu anaweza kupewa chakula cha siku tatu na uhitaji ukabaki palepale.

Dalili: Watu wanakataa kujibu, au majibu yao yamefika pasipostahili

Nimeiacha dalili hii mwisho kwa kuwa ndiyo inayoweza kumdhuru mtu leo. Kukataa kwa wengi si ukaidi. Uliza kwanza kama wanaambiwa kwa nini wanaulizwa, nani atakayeona jibu na nini kitafuata. Pale ambapo hakuna msaada wowote unaoweza kutolewa kwa uhitaji fulani, mamlaka husika iulizwe kama swali hilo lina haki ya kuwepo kwenye fomu ya kila mtu.

Kisha kagua nani anaona nini. Majibu kuhusu ukatili wa nyumbani yasionekane kwenye ukurasa ambao mwenzi anaweza kuufungua kwa nywila ya pamoja, wala yasichapwe kwenye muhtasari anaopewa mgonjwa kwenda nao nyumbani. Ridhaa ya kushirikisha taasisi nyingine iandikwe kwa kila aina ya taarifa, si mara moja kwa yote, na iwezekane kuifuta.

Kuondoa majina hakutoshi. Mwaka 2000 Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data, alionyesha kwamba takriban asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa jinsia, tarehe ya kuzaliwa na msimbo wa posta wa tarakimu tano peke yake. Kwenye data za kijamii mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu katika eneo dogo mjane mmoja mwenye watoto sita asiye na makazi hahitaji jina ili ajulikane. Punguza usahihi wa tarehe na wa eneo, na usichapishe visanduku vya jedwali vyenye watu wachache.

Simama mara moja, zima ushirikishaji wa data na uwaite afisa wa ulinzi wa data na mwanasheria ikiwa taarifa ya ukatili, hali ya uhamiaji au makazi ya siri imeonekana na asiyestahili. Ikiwa kuna anayeomba data hizo kwa ajili ya ukamataji, ukodishaji au ajira. Au ikiwa faili limetumwa mahali pasipojulikana. Mtu ambaye usalama wake unaweza kuwa umeguswa ajulishwe na afisa ustawi wa jamii kwa njia iliyo salama kwake, si kwa ujumbe wa simu unaoweza kusomwa na mwingine.

Unapomwita mtaalamu yeyote kati ya waliotajwa, mpe fomu tupu kama inavyoonekana na mtumiaji, jedwali la ulinganishaji wa misimbo, orodha ya matoleo na tarehe yalipobadilishwa, hesabu ya nafasi tupu kwa kila swali, na rekodi tano zilizoondolewa utambulisho, mbili zikiwa zile unazoamini ziko sahihi.